Ramani ya Moshi Lazima Iwe na Saa

Hotuba kwa watendaji wa kata, wazimamoto, wauguzi na wavuvi wa Tanga

Mheshimiwa Mwenyekiti, maofisa wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, watendaji wa kata, wenyeviti wa mitaa, wauguzi wetu wa hospitali ya Bombo, na wazee wetu wa pwani mliotoka Sahare na Tongoni: Assalaam alaykum, Tumsifu Yesu Kristo, habari za asubuhi.

Tumeitwa tuzungumzie namna ya kubashiri moshi wa sumu utaelekea wapi pale kiwanda cha kemikali kinaposhika moto au tangi linapopasuka. Mazoea ya watu wengi ni kuchukua ramani, kuweka bikari kwenye kiwanda na kuchora duara la kilomita 1 au 2. Kwa dakika za kwanza kabisa duara si baya, kwa sababu bado hujui lolote. Likibaki kuwa mpango wenu kwa saa nzima, mtakuwa mnahamisha mitaa isiyoguswa na kuiacha mitaa inayoguswa. Moshi hufuata upepo, na upepo wa Tanga hubadilika kwa saa. Ndiyo maana tunasema ramani yoyote ya moshi itakayotoka ofisini kwenda kwa wananchi iandikwe juu kabisa: inafaa kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi. Ramani isiyo na saa msiipokee.

Wazee wa pwani mnalijua hili vizuri. Kusi likivuma, kwa ujumla kuanzia Aprili hadi Oktoba, moshi wa bandarini huvuka ghuba kuelekea Chongoleani. Kaskazi ikishika, Desemba hadi Machi, mambo hugeuka: moshi utokao Chongoleani ndio unaovuka maji kuja upande wa Amboni na viunga vya mji. Juu ya pepo hizo za msimu upo upepo wa kila siku. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko bahari, hewa ya bara ikateremka kwenda majini. Huo ndio umande wenu wa alfajiri. Jua likishapasha ardhi, kwa kawaida kuanzia saa 4 asubuhi, upepo wa bahari huingia, ukapita Raskazone na Chumbageni, ukaenda Ngamiani na Makorora, na ukishika nguvu mchana hufika Pongwe na zaidi.

Sasa fikirini gesi inayovuja saa 10 alfajiri. Umande unaipeleka baharini, na watu mjini wanashukuru Mungu kwamba imekwenda zake. Kuna makosa mawili hapo. La kwanza, baharini kuna watu. Wavuvi wa dagaa wenye taa wako kazini saa hizo, wako chini kabisa karibu na maji, na katika mipango mingi ya dharura hawatajwi popote. Namba za simu za viongozi wa BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia ufukwe, ziwe kwenye orodha ileile ya watu wa kupigiwa kwanza. La pili, gesi iliyokwenda baharini usiku inaweza kurudi. Upepo ukigeuka saa 4 au 5 asubuhi, hewa ileile hurejea nchi kavu, pengine kilomita kadhaa kando ya mahali ilipotokea, ikafika kwa watu ambao hawakupewa tahadhari yoyote. Ukibashiri ajali ya alfajiri kwa upepo wa alfajiri peke yake, umebashiri nusu tu.

Kuna jambo dogo linaloponza hata wasomi. Watu wa hali ya hewa huuita upepo kwa jina la unakotoka. Wakikuambia upepo ni wa kaskazini-mashariki, yaani nyuzi 45, moshi unaelekea kusini-magharibi, nyuzi 225. Jumlisha 180 kila mara, na mwenzako ahakikishe. Ramani imewahi kuchorwa kinyumenyume na watu wazima wenye vyeti, kwa haraka tu ya tukio.

Ili kubashiri unahitaji kujua mambo matatu: ni kitu gani, kinatoka kwa kasi gani, na hewa iko katika hali gani.

La kwanza ni la karatasi, na hufanywa kabla ya ajali. Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003 inataka kemikali zisajiliwe, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ndiyo yenye kazi hiyo. Lakini orodha iliyofungiwa kabatini haimsaidii mzimamoto aliyefika getini saa 9 usiku. Nakala iwe kwa mlinzi, kwenye bahasha isiyoingia maji, yenye jina la kemikali, namba yake ya tarakimu 4 ya Umoja wa Mataifa, kiasi cha juu kinachoweza kuwepo, na ghala gani. Klorini ni 1017, amonia 1005, petroli 1203, mafuta ghafi 1267. Namba ni bora kuliko jina, kwa sababu jina la biashara linaweza kuficha kitu kingine kabisa. Na orodha isasishwe kila shehena inapoingia au kutoka: orodha ya Januari inayosomwa Agosti inaweza kumpeleka mzimamoto kwenye ghala tupu huku mitungi iko ghala la pili.

Kila kemikali ina tabia yake. Klorini ni nzito mara 2.5 kuliko hewa. Hutambaa chini kama maji ya mafuriko, ikafuata mitaro na mabonde na kujaa kwenye vyumba vya chini. Amonia ikiwa gesi ni nyepesi, watu wakadhani itapaa tu. Lakini ikivuja kutoka kwenye tangi la kimiminika hutoka baridi kali, imechanganyika na matone, na kwa hali hiyo nayo hulala chini mpaka ipate joto. Hidrojeni salfaidi inayoweza kuwamo kwenye mafuta ghafi hunuka yai viza kwa kiasi kidogo, ila ikikaribia sehemu 100 kwa milioni huua uwezo wa pua kunusa, kwa hiyo harufu kutoweka si dalili ya usalama hata kidogo. Plastiki ya mabomba, ile PVC, hutoa asidi ya hidrokloriki ikiungua. Magodoro ya sponji hutoa sianidi. Ghala la bidhaa za kawaida likiungua nalo ni ajali ya kemikali.

La pili ni kasi ya kutoka, na hapa ndipo ubashiri mwingi huharibika. Watu huuliza tangi lilikuwa na tani ngapi. Swali lenye faida zaidi ni kilo ngapi kwa dakika. Kwa moto wa mafuta kuna njia ya kukisia: dimbwi la mafuta ghafi linalowaka hushuka takriban milimita 3 hadi 4 kwa dakika, na karibu sehemu moja ya kumi ya uzito unaoungua hugeuka masizi. Dimbwi lenye kipenyo cha mita 20 lina eneo la mita za mraba 314, kwa hiyo linakula zaidi kidogo ya mita moja ya ujazo ya mafuta kila dakika na kutoa kama kilo 90 za masizi. Mzimamoto aliyepo akikutajia kipenyo kwa kukisia, umeshapata pa kuanzia.

La tatu ni hewa, na tunaomba muda kidogo hapa kwa sababu ndipo penye maisha ya watu.

Chukueni mtungi mkubwa wa klorini wa kilo 900 unaovuja kwenye valvu, gramu 100 kwa sekunde, yaani kilo 6 kwa dakika. Ukiachwa hivyo, utakwisha baada ya saa mbili na nusu. Watu wanaoishi kilomita 1 kule upepo unakoelekea watavuta kiasi gani? Kanuni inayotumika ulimwenguni inategemea kazi ya Frank Pasquill wa Idara ya Hali ya Hewa ya Uingereza, ambaye mwaka 1961 aliigawa hali ya hewa katika madaraja kuanzia A, jua kali na upepo mdogo, hadi F, usiku mkavu usio na mawingu na upepo hafifu. Kila daraja lina vipimo viwili vya kutanuka kwa wingu: kimoja cha upana, kimoja cha kimo. Unachukua gramu zinazotoka kwa sekunde, unagawanya kwa pai (3.14) mara kasi ya upepo mara vipimo hivyo viwili.

Mchana wa jua la wastani, daraja C, upepo wa mita 5 kwa sekunde: kwa umbali wa kilomita 1 vipimo ni kama mita 105 na mita 61. Jibu ni karibu miligramu 1 kwa mita ya ujazo, ambayo kwa klorini ni kama sehemu 0.3 kwa milioni. Watu watasikia harufu, baadhi watakereka.

Mtungi uleule, valvu ileile, usiku mtulivu wa daraja F, upepo wa mita 2 kwa sekunde: vipimo vinashuka hadi mita 34 na mita 14. Jibu ni miligramu 33, yaani zaidi ya sehemu 11 kwa milioni. Sehemu 2 kwa milioni kwa muda wa saa moja zinatosha kumdhuru mtu vibaya, na sehemu 10 ndicho kiwango ambacho mfanyakazi asiye na kifaa cha kupumulia anatakiwa aondoke papo hapo. Uvujaji haujaongezeka hata gramu moja, na ukolezi umepanda zaidi ya mara 30. Kwa ajili hiyo kitabu cha mwongozo wa dharura kinachotolewa na Marekani, Kanada na Mexico kina safu mbili za umbali wa kulinda watu, mchana na usiku. Ukikitumia, angalia jua kabla hujasoma safu.

Kanuni hii ina mipaka. Inafaa uwanda tambarare na upepo usioyumba. Karibu na mtungi wenyewe haifai kwa klorini, maana pale uzito wa gesi ndio unaoongoza. Lakini kwa kilomita 1 inakupa ukubwa wa hatari, na hesabu yake inafanyika kwa simu ya mkononi.

Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Desemba 1984, mjini Bhopal, India, karibu tani 40 za methili isosianati zilitoka kwenye tangi la kiwanda cha viuatilifu. Hewa ilikuwa imetulia, gesi ni nzito kuliko hewa, na makazi yenye msongamano yalikuwa kule upepo ulikoelekea. Serikali ya jimbo la Madhya Pradesh ilithibitisha vifo 3,787. Graniteville, Marekani, tarehe 6 Januari 2005, treni ziligongana kabla ya saa 9 usiku, behewa la klorini likatoboka, gesi ikashuka bondeni. Watu 9 wakafa na maelfu wakahamishwa. Ajali zote mbili ni za usiku.

Moto mkubwa una mwenendo wake. Buncefield, Uingereza, tarehe 11 Desemba 2005, ghala la mafuta lililipuka saa 12 asubuhi na kuungua kwa siku kadhaa. Joto lilirusha moshi juu sana, ukatoboa tabaka la hewa na kukaa kule juu, hivyo vipimo vya ardhini vikawa vidogo kuliko watu walivyoogopa walipotazama anga jeusi. Kwa hiyo moshi mweusi mnene unaopaa wima si lazima uwe ndio unaoua jirani. Mwogopeni zaidi moto unaofifia. Maji yakishapoza ghala, moshi hupoteza nguvu ya kupaa, ukageuka kijivu, ukalala kwenye paa za nyumba, na wakati huohuo watu wameanza kurudi majumbani kwa sababu miali haionekani tena. Ubashiri ufanywe upya moto unapoanza kupoa, na upya tena asubuhi kama saa 2 au 3, jua linapovuruga hewa na kuushusha ardhini moshi uliolala juu usiku kucha.

Tuje kwenye programu za kompyuta za kubashiri. ALOHA imetengenezwa na mashirika ya Serikali ya Marekani na hupatikana bure. Huchora kanda nyekundu, ya chungwa na ya njano. Ni nzuri kwa gesi inayovuja. Haibashiri moshi wa moto na masizi yake, haijui milima wala mabonde, haikubali upepo ulio chini ya mita 1 kwa sekunde, na haitoi jibu zaidi ya kilomita 10 wala zaidi ya saa moja. Mtu akikuonyesha picha ya ALOHA ya ghala la magodoro linaloungua, mrudishie kwa heshima. Kwa moshi wa moto na kwa safari ndefu ipo HYSPLIT, nayo bure mtandaoni, ambayo hufuata upepo unavyogeuka kwa saa nyingi. Ndiyo inayoweza kuonyesha moshi ukienda baharini na kurudi, ingawa data za upepo zikiwa za miraba mikubwa haiuoni vizuri upepo wa bahari wa ghuba ndogo kama yetu. Hapo maofisa wa Mamlaka ya Hali ya Hewa na wavuvi wakae meza moja waisahihishe.

Kuna mitego miwili inayotungoja sisi hasa, Waswahili wa Tanga, kwenye programu hizi. Wa kwanza ni saa. Ajali imetokea saa 2 asubuhi. Mtu anaandika 2, kompyuta inaelewa saa 8 usiku. Mwingine anaandika 8, na hiyo ni sahihi kwa saa za hapa, lakini HYSPLIT hutumia saa za kimataifa ambazo ziko nyuma yetu kwa saa 3, kwa hiyo ilipaswa kuwa 5. Ukikosea, umechukua upepo wa saa nyingine, pengine upepo wa bahari badala ya umande, na ramani yako inaelekea upande wa pili kabisa. Kwenye fomu ya taarifa wekeni visanduku vitatu: saa ya Kiswahili pamoja na neno alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku, saa ya tarakimu 24, saa ya kimataifa. Mfano: saa 2 asubuhi, 08:00, 05:00.

Mtego wa pili ni alama ya kutoa. Tanga iko nyuzi 5 na kitu kusini mwa Ikweta, kwa hiyo kwenye programu latitudo huandikwa −5.07. Ukisahau hiyo alama, kiwanda chako kimehamia kusini mwa Ethiopia, na programu itakuchorea moshi mzuri sana wa huko bila kulalamika.

Upepo wenyewe upimwe pale penye tukio. Kipimo cha uwanja wa ndege ni cha kuaminika, ila uwanja uko ndani kidogo, na ufukweni upepo wa bahari huanza mapema. Soksi ya upepo juu ya mlingoti wa mita 10 kila kiwanda si gharama ya kushindikana. Asiye na kipimo atumie macho: moshi wa jiko unapeperuka lakini majani hayatikisiki, upepo uko chini ya mita 1.5 kwa sekunde. Majani yanatikisika na unausikia usoni, mita 2 hadi 3. Bendera ndogo imenyooka, mita 4 hadi 5. Vumbi na karatasi zinarushwa, mita 6 hadi 8. Kwa mita 2 kwa sekunde gesi hufika kilomita 1 kwa dakika 8 hivi. Muda wenu wa kutoa tangazo ni huo, dakika 8. Upepo ukiwa hafifu sana huyumba kila upande, basi hapo panueni eneo la tahadhari, na duara hurudi kuwa na maana.

Wananchi waambiwe nini? Kukaa ndani au kuondoka hutegemea nyumba na muda. Nyumba zetu nyingi zina matundu ya hewa juu ya madirisha na uwazi kati ya ukuta na bati. Kama hewa ya ndani inabadilika mara 3 kwa saa, baada ya dakika 20 ukolezi wa ndani umefika asilimia 63 ya ule wa nje. Nyumba iliyozibwa vizuri, hewa ikibadilika mara nusu kwa saa, baada ya saa nzima imefika asilimia 39. Kwa hiyo wingu la dakika 15 au 20, kaeni ndani: chumba cha katikati, feni na kiyoyozi vizimwe, matambara au kanga zilizoloweshwa zizibe chini ya mlango. Uvujaji wa saa mbili karibu na nyumba ya matundu, ondokeni mapema, kabla wingu halijafika. Mnaondoka kwa kukata upepo, ubavuni mwake, halafu mnazunguka kwenda goshini, upande upepo unakotoka. Anayekimbia mbele ya moshi anakimbia nao. Kitambaa chenye maji puani husaidia kidogo kwa amonia na asidi kwa sababu huyeyuka majini. Kwa kaboni monoksidi hakisaidii chochote. Na wingu likishapita, madirisha yafunguliwe yote, maana sasa hewa mbaya iko ndani. Hatua hii husahaulika kuliko zote, kwa hiyo tangazo la kufungua madirisha liwe limeandikwa tayari pamoja na lile la kufunga.

Maji ya kuzimia moto nayo yana njia yake. Novemba 1986 ghala la kemikali liliungua karibu na Basel, Uswisi. Maji ya wazimamoto yalibeba viuatilifu hadi mto Rhine na samaki wakafa kwa wingi. Mitaro yetu humwaga ghubani. Mifuko ya mchanga ya kuziba mitaro ikae karibu na ghala, na anayechora ramani ya moshi achore na mshale wa maji.

Zoezi la kwanza tunapendekeza lifanyike saa 10 alfajiri, mwezi wa kaskazi. Simu ya 114 ipigwe, mlinzi atoe bahasha, mtu mmoja asome upepo, mmoja akague ramani na saa zake, BMU wapigiwe, na Bombo waambiwe jina la kemikali kabla mgonjwa wa kwanza hajafika. Zoezi lisifungwe umande ukiisha. Liendelee hadi upepo wa bahari uingie, wapimaji waende ufukweni na vipimo vyao, na tangazo la usalama litolewe tu baada ya hewa iliyorudi kupimwa Sahare, Raskazone na Chongoleani, mara mbili, kwa tofauti ya nusu saa.